Meza ya Wazee Itumike Kila Siku: Namna ya Kulegeza Urasmi wa Samani za Mbao za Kale katika Chumba cha Kulia

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba ipo meza kubwa ya kulia ambayo haitumiki kwa kulia. Imefunikwa kitambaa cha lesi, juu ya lesi kimelazwa kioo, na juu ya kioo imetandazwa nailoni yenye maua ili kioo kisikwaruzike. Viti vyake sita vyenye migongo mirefu vimesukumwa ndani mpaka mwisho, na kabati la vyombo lililo nyuma yake limefungwa kwa ufunguo ambao mwenye nyumba pekee ndiye anayejua ulipo. Watu wa nyumbani hula kwenye mkeka ukumbini au barazani, na meza husubiri Idi, posa na wageni wa heshima. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yangu mzaa mama huko Wete, na meza ile ilipoletwa kwangu Unguja baada ya mirathi kugawiwa, nilikuwa nimeshaamua kwamba wanangu wataitumia kila siku, kwa chai ya asubuhi, kwa madaftari ya skuli na kwa wali wa mchana.

Nilichojifunza katika kazi hiyo ni kwamba uzito wa samani za namna hii haumo katika mbao zenyewe. Umo katika vitu vilivyorundikwa juu yake kwa miaka: vanishi nyeusi ya tabaka nyingi, viti vilivyovikwa reksini, kioo, lesi, na mpangilio unaomfanya mtu aketi kama yumo kwenye baraza la kadhi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hatua zinazoweza kutenguliwa na mtu wa baada yako, na unaacha rangi na msumeno mpaka mwisho kabisa. Mbao za mninga na mvule zenye upana wa meza hizi si rahisi kuzipata tena kwa bei ya kawaida, na kosa la saa moja laweza kuharibu kitu kilichodumu vizazi vitatu.

Ijue mbao kabla ya kuigusa

Iondoe meza kila kilicho juu yake, ipindue juu ya mkeka au blanketi, kisha itazame chini, mahali ambapo vanishi haikufika. Mninga una rangi ya hudhurungi yenye mistari myekundu au ya zambarau iliyofifia. Mvule, mti ambao Pemba bado unaonekana katika msitu wa Ngezi, huanza na rangi ya dhahabu na huzidi kukoza kwa miaka. Msaji una mafuta ya asili, na ukiupiga msasa utahisi utelezi vidoleni. Mfenesi ukiwa mpya ni wa manjano, na baadaye hugeuka hudhurungi ya joto ambayo watu wengi huifananisha na mninga. Mwembe ni mweupe zaidi, na ndio unaopendwa sana na wadudu wanaobungua mbao, kwa hiyo tafuta matundu madogo yenye unga mpya chini yake. Unga ukiwapo, wadudu wangali hai, na lazima dawa ya mbao iingizwe kwa sindano katika kila tundu kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza. Ukiona njia za udongo miguuni, hizo ni za mchwa, na tatizo limo ndani ya nyumba kabla ya kuwa katika meza.

Tazama pia kingo za uso wa meza. Iwapo nyuzi za mbao za juu hazishuki hadi ubavuni, huenda uso huo ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Ganda hilo mara nyingi halifiki hata milimita moja, na mashine ya msasa hulitoboa kabla mtu hajatambua. Uso wa vinia huoshwa na kupakwa polishi, haukwanguliwi.

Kipo kitu kimoja ambacho mwongozo huu haukihusu, nacho ni kiti cha enzi: kile kiti cha mpingo chenye mgongo wa kusimama, nakshi za pembe au mifupa, na uzi uliosukwa kwenye kikalio na mgongoni. Aliyebahatika kurithi kiti hicho akipanguse vumbi kwa brashi laini kavu, akiweke mbali na jua na mbali na watoto, na asikitie vanishi wala msasa.

Baada ya kuijua mbao, jua kilichopakwa juu yake. Chovya pamba katika spiriti uisugue mahali pa siri, kwa mfano upande wa ndani wa mguu. Ikinata na kuchafuka ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni polishi ya zamani iliyochanganywa kwa spiriti, na kazi yako itakuwa nyepesi, kwa sababu polishi hiyo huondolewa kwa spiriti na kitambaa bila kukwangua mbao. Ikikataa spiriti lakini ikalainika kwa thina, ni laka. Ikikataa vyote viwili, basi ni vanishi ya mafuta au ya kisasa, nayo itahitaji dawa ya kutoa vanishi au msasa na subira.

Msimu unaofaa

Kazi hii haifanywi wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei hewa ya visiwani hujaa unyevu, vanishi hukawia kukauka na pengine hufanya ukungu mweupe, na mbao zenyewe hutanuka kwa upana. Miezi mizuri ni Januari na Februari katika kaskazi, au Juni hadi Septemba katika kusi, japokuwa upepo wa kusi huleta vumbi na inafaa kupaka ndani ya chumba kilichofungwa upande wa upepo.

Kutanuka huko kwa mbao ni jambo linalostahili kusisitizwa. Saraka inayokwama mwezi wa Aprili si lazima iwe imeharibika, na fundi anayeipiga randa wakati huo anaifanya iwe na pengo la kidole ifikapo Agosti. Isugue nta ya mshumaa kwenye njia zake, subiri kiangazi, na ikiendelea kukwama ndipo uitie randa kidogo. Vivyo hivyo, uso mpana wa meza usigandishwe kwa gundi wala kubanwa kwa skrubu zisizo na nafasi kwenye fremu yake, kwa maana utataka kutanuka na kusinyaa, na ukizuiwa utapasuka katikati.

Kuosha na kukaza

Osha kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha pangusa kwa kitambaa kingine kikavu papo hapo. Katika nyumba zilizo karibu na bahari utashangaa kuona ni kiasi gani cha chumvi, moshi na mafuta ya kupikia hutoka. Mara nyingi meza iliyodhaniwa kuwa nyeusi huonekana kuwa ya hudhurungi baada ya maji ya tatu. Usitumie pamba ya chuma pamoja na maji, kwa sababu vipande vyake vidogo hubaki ndani ya mbao na kufanya madoa meusi. Madoa meusi yaliyokwisha kuwapo pembezoni mwa misumari ni ya namna hiyo hiyo, yaani chuma kimekutana na maji na utomvu wa mbao, na huondolewa kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Asidi hiyo ni sumu: vaa glavu, weka watoto mbali, na suuza mara kadhaa.

Kiti kinachotikisika kisipigiliwe msumari. Msumari hupasua ulimi wa kiungo na humfungia njia kila fundi atakayekuja. Gundi za zamani nyingi hulainika kwa siki ya vuguvugu. Ipenyeze kwenye kiungo, ngoja, kisha kivute taratibu mpaka kiachie. Kwangua gundi yote ya zamani, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya kuukuu, paka gundi ya mbao, na ubane kwa kamba iliyozungushwa miguu minne na kukazwa kwa kijiti kinachopindwa katikati. Kiache saa 24 juu ya sakafu iliyo sawa. Hatua hii haionekani na mgeni yeyote, lakini hakuna kinachowafanya watu waketi kwa raha kuliko kiti kisicholia.

Viti: mahali ambapo chumba hubadilika

Ikiwa una muda au fedha za kufanya jambo moja tu, fanya viti. Kikalio cha reksini nyekundu au kahawia kilichojazwa sponji ndicho kinachozipa samani za kale sura ya ofisi, na joto letu hukifanya kimgande mtu mgongoni na mapajani. King'oe chote, na misumari yake yote midogo, mpaka ibaki fremu tupu ya miti minne.

Badala yake, kiwambe kiti kwa kamba kama vitanda vyetu vinavyowambwa. Mafundi wa vitanda huita miti ya urefu mifumbati na ya upana vitakizo, na ukiangalia kiti chako utakuta ni kitanda kidogo: miti minne inayotaka kamba. Kamba zipo za aina mbili zinazofaa. Ya kwanza ni ya makumbi ya nazi, ambayo kina mama wa pwani hufukia makumbi yake katika mchanga wa ufukweni kwa miezi, kisha huyatoa, huyaponda, na kuzisokota nyuzi kwa viganja. Kamba hii ni imara mno na ina rangi nzuri ya dhahabu iliyoiva, lakini huchoma kupitia nguo nyepesi, kwa hiyo hutaka mto juu yake. Ya pili ni ukambaa wa miyaa, ambao ni laini zaidi, huketiwa bila mto, na ndio ninaoupendelea kwa viti vya meza. Kamba ya nailoni ni rahisi na haiozi, lakini huteleza, hulegea, na haipatani na mninga hata kidogo.

Kabla ya kuwamba, duarisha kingo za juu za miti yote minne kwa tupa na msasa namba 120, kwa sababu ukingo mkali hukata kamba kama kisu ndani ya mwaka mmoja. Lowesha ukambaa kidogo ili ulainike na usikatike pembeni. Funga mwanzo wa kamba ndani ya mti wa kushoto, ipitishe juu ya mti wa mbele, izungushe chini na uipandishe katikati, ivushe juu ya mti wa kushoto karibu na pembe, izungushe chini tena, kisha ipeleke moja kwa moja hadi pembe inayokabili na ufanye vivyo hivyo. Ukizunguka pembe nne kwa mpango huo, kila mzunguko ukikaa ubavuni mwa uliotangulia, utaona pembetatu nne zikikua kuelekea katikati. Kaza kila mzunguko kwa nguvu zako zote, na kila baada ya mizunguko mitano ugonge kamba kwa kipande cha mbao ili zikae bega kwa bega. Kiti kikiwa kipana zaidi mbele kuliko nyuma, kama vilivyo vingi, jaza kwanza pembe mbili za mbele kwa vipande vifupi mpaka nafasi iliyobaki iwe mraba. Fanya kiti kimoja hadi mwisho, pima urefu wa kamba iliyotumika, ndipo ununue ya viti vilivyobaki. Wawambaji hawakazi sawa, na makadirio ya mtu mwingine yatakupotosha.

Kimo cha kikalio baada ya kuwamba kiwe kati ya sentimita 43 na 46 kutoka sakafuni, na baina yake na uso wa meza pawe na sentimita 27 hadi 30. Viti vya kale vilivyokuwa na sponji nene mara nyingi hushuka baada ya kuondolewa sponji hiyo, na hapo mto mwembamba wa sufi uliovikwa kikoi cha pamba hurudisha kimo. Ganda la mto liwe na zipu au vifungo ili lifuliwe, maana hicho ni chumba cha mchuzi.

Si lazima viti vyote sita virudi mezani. Upande mmoja wa meza weka benchi la mbao ya aina ile ile au inayokaribiana, lenye upana wa sentimita 35 na urefu unaoingia baina ya miguu ya meza. Mtu mzima huhitaji sentimita 60 za ukingo wa meza, lakini watoto kwenye benchi husogea, na wageni wa futari pia husogea. Viti viwili vilivyobaki vipeleke barazani, ambako vitatumika zaidi.

Uso wa meza

Toa kioo. Najua kwamba kitampa mtu wasiwasi, lakini kioo ndicho kinachoifanya meza iwe baridi na yenye kelele, na maji yanayopenya chini yake huacha madoa yasiyofutika. Baada ya kuondoa vanishi ya zamani, piga msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, siku zote kwa kufuata nyuzi za mbao na kamwe si kwa kuzunguka. Vaa barakoa, vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na kifua. Ikiwa juu ya mbao ipo rangi ya mafuta ya miaka mingi, huenda ina risasi ndani yake, kwa hiyo isipigwe msasa mkavu. Ilainishe kwa dawa, ikwangue ingali mbichi, na uyatupe mabaki yake pasipofikiwa na watoto wala kuku.

Wapo wanaoshauri kupaka mafuta ya nazi, kwa kuwa yapo jikoni. Usifanye hivyo. Mafuta ya nazi hayakauki ndani ya mbao. Hubaki yakinata, huvuta sisimizi, na baada ya muda hunuka. Mafuta yanayokauka ni ya kitani, na matambara yaliyotumiwa kuyapakia huweza kuwaka moto yenyewe yakikunjwa na kutupwa pembeni, basi yaloweke katika ndoo ya maji au yatandaze nje mpaka yakauke kabisa. Mafuta ya kitani yakifuatiwa na nta ya nyuki huipa meza uso mzuri kuliko wote, lakini uso huo haupendi mchuzi wa moto na hutaka kupakwa upya mara kwa mara. Kwa meza ya kila siku yenye watoto mimi huchagua vanishi ya maji isiyong'aa, mikono mitatu myepesi, kila mkono ukisuguliwa kidogo kwa msasa namba 240 kabla ya unaofuata. Msaji upangusiwe kwanza kwa thina ili mafuta yake ya asili yasiikatae vanishi. Doa la bizari ya manjano likibaki, usilikwangue. Isogeze meza karibu na dirisha, na mwanga wa jua utalififisha katika siku chache.

Kabati na rangi

Kabati la vyombo hulegezwa kwa bisibisi. Fungua milango ya vioo ya sehemu ya juu tu, iache rafu wazi, na upange hapo sahani na bakuli za kila siku, chupa ya chai, na kawa za ukindu. Bawaba na skrubu zitie katika mfuko mmoja. Iwapo ndani mna giza, weka ubao mwembamba uliopakwa rangi ya chokaa mgongoni mwa rafu bila kuugandisha. Kabati litaonekana jepesi ilhali mbao yake haikuguswa.

Kuhusu kupaka rangi samani nzima, maoni yangu ni kwamba mninga, mvule na msaji hazipakwi. Kabati la shangazi yangu lilipakwa rangi nyeupe na fundi aliyeambiwa alifanye la kisasa, na kabla mwezi haujaisha madoa mekundu ya mninga yalikuwa yamepenya kila mahali. Rangi ya pili na ya tatu hazikuyazuia, na kulirudisha kulichukua wiki tatu za kukwangua nakshi kwa kijiti. Mbao za rangi kali hutaka kwanza kizuizi cha polishi ya spiriti chini ya rangi, na hata hivyo mishipa ya nakshi hujaa na kupoteza makali yake. Rangi ifae mbao nyeupe za bei nafuu, au miguu iliyoharibika ya meza ambayo uso wake umebaki na mbao tupu. Atakaye wepesi zaidi aongeze kitu kipya kando ya cha kale. Hata katika Makumbusho ya Kasri, ufukweni mwa Mji Mkongwe, miongoni mwa samani za masultani liliwekwa kabati la fomaika, yaani mbao iliyovikwa ganda la plastiki, la Sultan Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Mchanganyiko wa aina hiyo haukuanza kwetu.

Kula chini bila kukata miguu

Wengi wangependa meza ifae kuliwa kwa kuketi chini, kwani ndivyo tulivyolelewa, na fundi wa kwanza utakayemuuliza atachukua msumeno. Mkataze. Meza ya kuketi mkekani huwa na kimo cha sentimita 30 hadi 35, nayo ya viti karibu 75. Tofauti hiyo hukata sehemu nzuri kabisa ya mguu uliokerezwa. Ipindue meza utazame jinsi miguu ilivyofungwa. Mingi imeshikwa kwa bolti au skrubu kubwa kwenye pembe za fremu, na inaweza kufunguliwa yote minne kwa nusu saa. Mwagize mkerezi miguu mifupi ya mwembe uliotiwa dawa, yenye matundu mahali pale pale, na utakuwa na meza mbili katika moja: ya viti kwa siku za kawaida, na ya chini kwa Ramadhani, ambapo sinia la futari hukaa katikati na mikeka huenea mpaka ukutani.

Meza ikishawekwa, acha sentimita 90 kutoka ukingo wake hadi ukutani ili mtu apite nyuma ya aliyeketi. Kasha la wazee, kama lipo, liweke upande wa jikoni kuwa mahali pa kupakulia vyakula, na misumari yake ya shaba uisafishe kwa kitambaa kikavu tu, kwa sababu ndimu na chumvi, ambazo hufaa kwa sinia, huingia ndani ya mbao na kuiachia doa. Wiki ya kwanza usiweke sufuria ya moto juu ya vanishi mpya hata kwa kitambaa. Ijapokuwa imekauka mkononi, bado haijakomaa. Ukifunga miguu mifupi, ile mirefu ya asili ipanguse, ifunge katika shuka kuukuu, iandike namba moja hadi nne pamoja na pembe ya kila mmoja, na uilaze ndani ya kasha hilo pamoja na milango ya kabati na mfuko wa skrubu.